Jenerali Asiyejua Kunong'ona

Siku niliyokwenda kuposa kwa Jenerali Đoàn Khắc Lẫm, kijiji kizima cha Kẻ Vọng kilipata habari kabla mimi mwenyewe sijajibiwa. Nilikaa kwenye kiti cha mianzi, magoti yamebanana, nikasema kwa adabu na kwa sauti ya chini kwamba mimi na binti yake, Hạnh, tumeafikiana. Mzee alinisogezea sikio lake la kulia, ambalo ndilo lililokuwa na uhai kidogo, akauliza, "Umesema unataka kumwoa nani?" Aliuliza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nyuma ya ua, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele akanijibia, "Hạnh, mzee. Anamtaka Hạnh."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika familia ile. Mengi ya haya niliyapata kwa mama mkwe wangu, Bibi Thoa, mwenye kumbukumbu nzuri na huruma kidogo. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Lẫm alizaliwa ukingoni mwa mto Luộc. Baba yake alifariki mapema, na mama yake, Bibi Nuôi, alikuwa akiuza tofu sokoni. Kivuko chetu kilikuwa na kasoro moja: mwenye mashua aliishi ukingo wa pili, na alipenda sana usingizi. Msafiri wa upande wetu alikuwa hana budi kumwita mpaka koo likauke. Lẫm alipokuwa mdogo iligundulika kwamba akiita yeye, mara moja tu, yule bwana anaamka, na kuku wake, na majirani zake pia. Basi watu wakawa wanakuja kwa Bibi Nuôi na kiazi kitamu au kipande cha muwa, wanamwazima mtoto na sauti yake. Alipokuwa kijana mwenye ndevu tatu kidevuni hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake. Ukimuuliza alikuwa anasema bila aibu, "Mimi ni mwita kivuko."

Wafaransa waliporudi kutaka kututawala tena, baada ya ile njaa kubwa iliyoua watu wengi, walijenga kituo cha askari ng'ambo, karibu kabisa na gati. Kijijini kwetu kulikuwa na mwalimu mwembamba mwenye miwani, jina lake Quyến, aliyefundisha watu wazima kusoma. Kila mtu alijua kwamba yumo katika Chama, na kila mtu alijifanya hajui. Alfajiri moja Quyến alishuka mtoni na kikapu kilichofunikwa majani ya mkunde. Alitazama huku na huku, akamsogelea Lẫm akamnong'oneza, "Kaka Lẫm, niitie mashua. Lakini taratibu, tafadhali. Sitaki watu wajue kama navuka."

Lẫm alikuwa akiapa mpaka uzeeni kwamba alimwelewa vizuri, na kwamba alijitahidi. Aliambiwa taratibu, naye akaita taratibu. Alilivuta kila neno mpaka mwisho wake: "Mashuaaa! Mwalimu Quyến anavukaaa! Taraaatibu, hataki watu wajueee!"

Risasi za kwanza zilipiga maji. Za pili zikapiga kikapu. Walikimbia wote wawili katikati ya mashamba ya miforosadi, wakajitupa kwenye mfereji, na hapo ndani ya tope Quyến alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Lẫm akamuuliza kama sasa anaweza kwenda nyumbani. Quyến akamweleza kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi mzito, kwamba katika mkoa mzima hakuna mtu asiyeijua sauti ile, wakiwemo wale askari, na kwa hiyo kuanzia leo yeye ni mwanamapinduzi.

Miaka mingi baadaye, katika maelezo rasmi ya maisha yake, iliandikwa kwamba ndugu Lẫm aliitikia wito wa taifa. Bibi Thoa akisikia hivyo alikuwa anatikisa kichwa. "Aliitikia wapi? Yeye ndiye aliyeita."

Bibi Nuôi hakukubali kirahisi. Alibeba tofu begani, akatembea mpaka kwenye vinamasi walikojificha, akadai arudishiwe mwanawe. Quyến alimkaribisha kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Sasa yeye ni ndugu yetu sote."

"Ndugu yenu?" Bibi Nuôi akamtazama kuanzia miwani mpaka miguu. "Mbona nilimzaa peke yangu?"

Hata hivyo aliwaachia tofu, kwa sababu aliona wamekonda. Na baada ya hapo akawa anawaletea kila alipoweza, huku akinung'unika.

Kundi la Quyến lilikuwa la wakulima wachache wenye bunduki pungufu ya watu, na moja kati ya hizo haikuwa na kifyatulio. Kwa nguvu hiyo walitakiwa wakiondoe kile kituo cha gatini. Quyến alifikiri, akafikiri, halafu akamtazama Lẫm. Walisubiri asubuhi yenye ukungu mzito, ule wa kwetu unaomfanya mtu asiuone mkono wake mwenyewe. Wakamsimamisha Lẫm juu ya tuta la mto, akaambiwa atoe amri kwa majeshi.

"Majeshi gani?" akauliza.

"Yoyote utakayopenda," Quyến akasema.

Lẫm akaanza kwa woga. Akakiamuru kikosi cha kwanza kizunguke kushoto, na cha pili kisubiri. Sauti ilimrudia kutoka kwenye ukungu ikiwa nene na yenye mamlaka, naye akanogewa. Akaongeza kikosi cha tatu, cha nne, na cha akiba. Akaagiza mizinga isogezwe mbele. Quyến alimwonyesha kwa mkono kwamba inatosha, lakini huwezi kumwona mtu kwenye ukungu, na Lẫm alikuwa ameshafika mbali. "Wenye tembo," alinguruma, "wazuieni wasianze kabla ya ishara!"

Kituo kilitoa kitambaa cheupe. Walitoka askari wa kukodiwa, watu wa huku huku bonde la mto, na sajenti mmoja Mfaransa aliyekuwa akitetemeka kwa malaria. Ukungu ulipoinuka, sajenti aliwaona wale wakulima na kofia zao za majani. Akamwomba mkalimani awaulize tembo wako wapi. Quyến akajibu, uso mkavu, kwamba wamerudishwa nyuma ili kubana matumizi ya majani.

Kuanzia siku hiyo Lẫm alipanda vyeo. Hakuwa mjinga, tusije tukamwonea. Alijua ardhi, alijua watu wanachoka wakati gani, na hakuwahi kula kabla askari wake hawajala. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba vita vile vilikuwa vya kunyemelea, naye hakujua kunong'ona. Vikao vya siri vilipofanyika aliwekwa uani, mbali, akaletewa maamuzi baadaye. Walipotega shambulizi la kuvizia, Quyến, ambaye sasa alikuwa kamisaa wa siasa, alitoa amri kwamba ndugu Lẫm ajazwe mdomoni donge la wali wa kunata, na lisimezwe mpaka bunduki ya kwanza ilie. Lilimezwa, bila shaka. Likaletwa lingine. Vita vilivyowakondesha watu wote vilimnenepesha yeye peke yake, na adui aliposambaza maelezo ya sura yake, alieleza mtu mwembamba, kwa hiyo hakukamatwa.

Kule Điện Biên, kwenye mapigano ya mwisho na Wafaransa, alikuwa tayari kamanda wa kikosi kizima. Walikaa ndani ya mahandaki, mvua inanyesha, tope linafika magotini, na makamanda waliongea kwa simu za waya zilizopita kwenye shimo moja chini ya kilima. Ndani ya shimo hilo alikaa binti wa mitambo ya simu, Thoa, kutoka mji wa Nam Định, mwenye nywele fupi na ulimi mrefu. Mara ya kwanza Lẫm alipopiga simu, Thoa alisogeza kifaa mbali na sikio lake, akamwambia, "Ndugu kamanda, weka simu chini. Nakusikia kwa hewa."

Hakuna mtu aliyewahi kumsema hivyo isipokuwa mama yake. Lẫm akaanza kupiga simu kwa sababu ndogo ndogo. Aliuliza kama waya uko mzima. Aliuliza kama mvua inanyesha huko, na walikuwa umbali wa kutupiana jiwe. Alasiri moja, mizinga imenyamaza kidogo pande zote mbili, akajipa moyo. Hakujua kwamba Thoa alikuwa ameunganisha vituo vyote kwa pamoja, akingoja kamisaa atangaze mgawo wa chumvi.

"Ndugu Thoa," Lẫm akasema, "vita vikiisha, utakubali tukae pamoja?"

Waliosikia ni makamanda wote, wapokea simu wote, na wale waliokuwa mahandakini bila simu. Bibi Thoa alishikilia kwamba hata Wafaransa bondeni waliacha kuchimba. Yeye, mashavu yanawaka, alijibu kwa sauti ya kazi: "Ndugu kamanda, laini hii ni ya shughuli za kijeshi. Maombi binafsi yapitie kwa kamisaa."

Kisha sauti moja ikaingia kwenye laini: "Hapa kikosi cha makombora. Tunaunga mkono ombi." Ikafuata ya wachimba mahandaki, nao wanaunga mkono. Wapishi wakaunga mkono pia, ila wakataka wajulishwe mapema idadi ya wageni. Mwishowe Quyến akaingia, kwa uchovu wa mtu aliyeona mengi: "Ombi limepokelewa. Ondokeni kwenye laini, nataka kutangaza chumvi."

Ushindi ulipopatikana, Quyến alimwita Thoa akamuuliza kama anakubali kwa hiari yake. Thoa alifikiri. "Nikikataa atauliza tena," akasema, "na jeshi halitapata usingizi." Walioana kwa chai ya kijani, karanga za sukari na tumbaku. Usidhani kwamba hakumpenda. Niliwaona uzeeni, akimchambulia samaki miiba huku anamgombeza, na sikuona mwiba hata mmoja ukimpita.

Vita vya pili, vile vya Wamarekani, vilikuwa virefu, na sitavisimulia vyote. Jeshi lilimpeleka Lẫm kwenye mizinga mikubwa, mahali palipomfaa, kwani amri zake zilisikika hata mizinga inapolia. Mizinga nayo ililipiza kisasi. Ilichukua sikio la kushoto lote, na la kulia ikalila nusu. Yeye hakujua kwamba masikio yamekwisha. Alidhani tu kwamba dunia imekuwa na adabu. Thoa alihamia Kẻ Vọng kumtunza mama mkwe na kumlea Hạnh, na akaongoza wanawake wa mgambo waliokuwa wakifukia mashimo ya mabomu barabarani.

Kijana mmoja wa njia yetu, Điền, mtoto pekee wa mjane Bibi Chắt, aliangukia katika divisheni ya Lẫm. Kazi yake ilikuwa kuunga nyaya za simu zinapokatika. Alikufa kule Quảng Trị. Karatasi ilikuja kijijini kama zilivyokuja karatasi nyingine nyingi, ikisema amejitoa mhanga, bila kusema vipi wala wapi.

Muda si mrefu kabla ya vita kuisha, Lẫm alipewa nyota ya jenerali. Gari la jeshi lilimleta nyumbani kwa siku moja, tukajipanga njiani kumpokea. Bibi Nuôi, mzee sana, alikuwa amekaa mlangoni na tambuu mdomoni. Aliishika ile nyota kwa vidole viwili.

"Jenerali anaongoza watu wengi?" akamuuliza.

"Maelfu, mama."

"Na wakiambiwa wanasikia?"

"Wanasikia, mama."

"Vizuri. Basi mwite yule fundi wa paa. Namwita tangu mwaka jana, haji."

Lẫm alisimama uani akaita. Fundi alikuja mbio akiwa bado na vijiti vya kulia chakula mkononi.

Alipostaafu alipewa nafasi ya nyumba Hanoi, nyumba ya ghorofa yenye maji ya bomba. Thoa akamwambia kwamba ghorofani ataongea na nani, majirani watamhama wote. Na zaidi, yeye Thoa amekwisha chaguliwa mwenyekiti wa wanawake wa kijiji na hana muda wa kuhama. Kwa hiyo jenerali alirudi kijijini, na kila asubuhi mkewe alipanda baiskeli kwenda kwenye mikutano, akamwachia kuponi za mgawo na maagizo: mafuta ya taa, mchuzi wa samaki wa kuungia chakula, na nyama ikiwepo.

Wakubwa wa cheo chake walikuwa na duka lao maalumu, lakini liko Hanoi, na Thoa alisema nyama ya peke yao inanuka mpaka kwa jirani. Lẫm akalazimika kwenda kwenye duka la mgawo la wote, lenye dirisha moja, na nyuma ya dirisha hilo alikaa dada mmoja anayeitwa Mão. Nimemwona Lẫm amesimama mbele ya mawaziri bila kupepesa jicho. Mbele ya Mão alikuwa anavua kofia.

Siku ya kwanza alifika alfajiri akafurahi kukuta hakuna mtu, ila mstari wa matofali, na kofia kuukuu, na kikapu kilichotoboka. Akaenda moja kwa moja dirishani.

"Nyuma ya tofali la mwisho, mzee," Mão akasema bila kuinua uso.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa na tofali lake, analiweka foleni usiku, anakwenda zake shambani, na tofali linamshikia nafasi. Lẫm alijifunza kuyatambua: lenye pembe iliyokatika la mke wa seremala, lenye moshi la mwashi, na lile lenye chokaa ya tambuu la Bibi Chắt. Alileta la kwake, akalipanga sawasawa na mengine kwa jicho la mpiga mizinga. Foleni haijawahi kunyooka vile.

Lakini kulikuwa na jambo moja tulilolijua sote, ingawa hakuna aliyelisema. Tofali la Bibi Chắt likiwa foleni, Lẫm alirudi nyuma nafasi mbili au tatu, ili asikutane naye. Na kutoka nyumbani kwake kwenda dukani kulikuwa na njia fupi inayopita mlangoni kwa yule mjane. Yeye alizunguka kwenye bwawa.

Karibu na mwaka mpya ilitangazwa kwamba nguruwe watachinjwa, na foleni ya matofali ikafika mpaka barabarani. Asubuhi hiyo Lẫm alikuwepo mwenyewe, amesimama juu ya tofali lake ili asikosee. Akatokea Kỉnh, binamu yake Mão, bwana mmoja mwenye kufuga kucha ya kidole cha mwisho. Kỉnh akatazama mstari, akalisukuma kwa mguu tofali lenye chokaa mpaka likaingia mtaroni, na mahali pake akaweka kandambili.

Lẫm alijaribu kulimaliza jambo lile kwa utulivu. Ndivyo alivyotueleza. "Nani," aliuliza, "ameondoa tofali la mwenzetu?"

Sauti ilivuka mashamba mawili. Wenye matofali walikuwa huko wanapandikiza mpunga. Walichosikia ni kelele kutoka dukani, wakaelewa jambo moja tu, kwamba dirisha limefunguliwa. Wakaja. Walikuja kutoka pande zote, matope mapajani, wakaruka mifereji, wakakuta wenzao nao wanakuja, na kila mmoja akashika tofali lake mkononi ili asinyang'anywe nafasi. Sasa foleni ikawa haipo. Kulikuwa na kundi la watu wenye matofali mikononi, mbele ya dirisha moja.

Mão alilitazama kundi lile. "Leo tunakagua bidhaa," akasema, akafunga dirisha.

Nyama ilikuwa ndani, harufu yake tuliisikia. Dirisha lilifunguliwa kesho yake, na kilichobaki kilikuwa ngozi na kwato. Wanawake wa Kẻ Vọng walimsema jenerali kwa majina ambayo Wafaransa hawakuyafikiria. Thoa aliwasubiri wamalize, kisha akamalizia yeye: "Baba Hạnh, Wafaransa walikuachia kituo. Wamarekani wakakuachia mji mzima. Mão hakukuachia hata mguu wa nguruwe."

Siku ile ile ya fujo, watu walipotawanyika, Lẫm aliingia mtaroni, akalitoa lile tofali, akaliosha kwa mkono. Alipoinuka alimkuta Bibi Chắt amesimama mbele yake. Hapakuwa na bwawa la kuzungukia.

Bibi Chắt hakuwa mkubwa sana kwake kwa umri, lakini maisha yalikuwa yamempinda. Alilipokea tofali lake. "Lẫm," akasema, "tangu umerudi unapita kule bwawani. Utachafua viatu. Njoo unywe chai."

Alimfuata kama mtu aliyekamatwa. Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli yangu nje ya ua wa jirani, kwa hiyo niliyasikia yote, kama walivyoyasikia wengine. Lẫm aliketi mkekani. Alikubali chai, akakaa na kikombe. Kisha akajaribu kunong'ona. Tulisikia akijaribu, ilikuwa sauti kama ya msumeno. Bibi Chắt, ambaye naye masikio yalikuwa yamechoka, akainama.

"Sema kwa sauti, mdogo wangu. Sikusikii."

Basi akasema kwa sauti. Alisema kwamba siku ile kule Quảng Trị mabomu yalikata simu mara kwa mara, na yeye alihitaji kuongea na mizinga ya mbele, ndipo akamwambia Điền aende kuangalia waya. Yeye ndiye aliyemtuma, si mtu mwingine. Điền alitoka akitambaa. Baada ya muda simu ikalia.

Nyungo za mchele zilikuwa zimenyamaza njia nzima. Hata mwashi alishusha nyundo.

"Akasemaje?" Bibi Chắt akauliza. "Kwenye simu."

Lẫm aliweka kikombe mkekani. "Alisema, 'Mzee, laini ni nzima. Lakini ongea polepole, maana nadhani ni wewe unayeikata.'"

"Alikuwa anakutania?"

"Alikuwa ananitania, dada. Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka ndani ya simu ndipo kombora likaanguka alipokuwa. Tulimzika chini ya mti mmoja mkubwa, kando ya mto. Ninapajua. Naweza kukupeleka."

Tulisubiri kilio. Kilichosikika kwanza kilikuwa kicheko, kikavu, kama cha mtu aliyesahau kinavyochekwa. Bibi Chắt alicheka akasema kwamba hata alipokuwa mdogo Điền alikuwa hana adabu kwa wakubwa, alimwiga Lẫm akiita mashua mpaka mashua ikaja. Ndipo akalia. Lẫm naye alilia, na kulia kwake kulikuwa sawa na kuongea kwake. Hakuna aliyeenda kuchungulia. Jioni ya kesho yake wanawake wale wale waliomtukana walimpelekea Thoa bakuli za mchuzi wa kwato.

Alimpeleka kweli. Walikwenda kwa treni baada ya sikukuu, wote watatu, Thoa akiwa amewashikia tiketi, na walirudi na mifupa ya Điền ndani ya kitambaa chekundu. Habari zikavuka mto. Mama mmoja wa kijiji cha pili akatuma mtu kuuliza kama jenerali anamkumbuka mwanawe pia. Hakumkumbuka. Alikwenda kumwambia kwamba hamkumbuki, na yule mama alimmwagia beseni la maji ya kuoshea mboga. Lẫm alirudi nyumbani ameloa, ana jani la mchicha begani. Wiki iliyofuata akaenda tena, akiwa amemtafuta mtu wa kikosi kile aliyemkumbuka kijana, akaenda naye.

Hiyo ikawa kazi yake mpya, na aliifanya miaka mingi, yeye mbele anaendesha baiskeli, Thoa nyuma na mwavuli. Wengine walimkaribisha, wengine walimfukuza. Wengi walimlisha. Thoa alilalamika kwamba mzee anatoka asubuhi kwa majonzi anarudi jioni na keki za wali wa kunata, na kwamba hakuna huzuni nyingine duniani inayomnenepesha mtu namna hiyo.

Mão hakubadilika. Alifunga dirisha kila alipotaka mpaka siku maduka ya mgawo yalipofutwa. Kisha akafungua duka lake binafsi, na hapo ikajulikana kwamba ni mwanamke mcheshi, mkarimu, na anakumbuka majina ya watoto wa wateja wote.

Jenerali Lẫm alifariki mchana mmoja wa mvua, kwenye machela yake ukumbini. Thoa alikuwa ametoka mkutanoni akakuta viatu vya tope juu ya mkeka safi. Akaanza. Alimsema kuhusu viatu, akapita kwenye paa, akafika kwa Mão na nguruwe wa mwaka ule, akarudi Điện Biên. Mzee hakujibu, na hilo halikumshtua, maana kwa miaka mingi hakuwa na hakika ni maneno gani yanamfikia. Alikuwa ameshakatakata mchicha wote ndipo alipomgusa bega.

Wakubwa walikuja kutoka Hanoi wakitaka azikwe kule kwenye makaburi ya viongozi. Mama mkwe wangu aliwakaribisha chai, akawaambia nafasi yake iko kando ya mama yake, na wakanywa chai wakakubali. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, nilimwona amechuchumaa kisimani na brashi. Alivisugua viatu vile mpaka kwenye nyuzi, kazi ambayo hakuwahi kumfanyia tangu waoane, akaviweka nje ya mlango vielekee barabarani. Mvua ikinyesha aliviingiza ndani. Ikikatika alivitoa. Hatukuruhusiwa kuvigusa.